Kuvu za Miti Iliyozama: Kutoka Mto Karura Hadi Kwenye Hadubini

Jumatatu: kabla ya kushuka mtoni

Masika yamekwisha na mito ya Nairobi imerudi kwenye kingo zake. Mwanzo wa Julai ni wakati mzuri wa kuokota vipande vya miti vilivyozama. Aprili na Mei maji huja kwa nguvu na kusugua matawi kwenye mawe hadi uso wake unachubuka, na uso huo, milimita mbili tatu za juu, ndio makao ya kuvu tunazozifuata. Ukienda mtoni mara tu baada ya mafuriko utarudi na kuni zilizooshwa, kisha utangoja miezi usione kitu.

Kwa nini uso tu? Kuvu nyingi za maji baridi zinazoishi kwenye miti ni za kundi la Ascomycota, nazo huozesha mti kwa njia ya uozo laini. Uzi wa kuvu hupenya ndani ya ukuta wa seli ya mti na kuchimba vishimo virefu vyenye ncha, ukifuata mwelekeo wa nyuzi za selulosi. Kazi hiyo huendelea hata mti ukiwa umelowa chepechepe na oksijeni ikiwa haba. Jamii za uyoga, zile zinazomaliza magogo ya nchi kavu, zinahitaji hewa zaidi, ndiyo maana chini ya maji huonekana kwa nadra. Kinachobaki ni kipande chenye ganda jeusi au la kijivu linalobonyea kwa kucha, huku moyo wake ukiwa bado mgumu. Hicho ndicho cha kuchukua.

Vifaa vya mtoni ni vichache: gambuti, glavu za mpira zinazofika kwenye viwiko, msumeno mdogo wa kupogolea, kisu, kipimajoto, karatasi za kupimia pH, simu yenye GPS, penseli na vipande vya karatasi ngumu. Lebo iandikwe kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka ndani ya chombo chenye unyevu na kufikia jioni hujui kipande kipi kilitoka wapi. Vitabu vingi vya mbinu huagiza mifuko ya plastiki yenye zipu. Hapa Kenya mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika misitu na mbuga zinazolindwa. Tunatumia vyombo vya chakula vya lita mbili vyenye mfuniko wa kubana, vinavyooshwa na kutumika tena. Chombo kigumu kina faida yake: vipande havisuguani, na ganda laini hufika salama.

Vibali vishughulikiwe mapema. Leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Msitu wa Karura uko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, kwa hiyo ruhusa ya kuchukua sampuli iombwe huko. Zaidi ya hayo kuna NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na kanuni za 2006 kuhusu rasilimali za kijenetiki: kuvu iliyooteshwa au DNA yake ikitarajiwa kuvuka mpaka, kuipeleka bila kibali na mkataba wa kuhamisha sampuli ni hatia. Anayeahirisha makaratasi hadi kuvu imeshaota hujikuta na sahani nzuri ambazo hawezi kuzipeleka popote.

Jumanne: Mto Karura

Tumeingia kwa lango la Barabara ya Limuru na kuteremka hadi mtoni, chini ya maporomoko. Kabla mtu hajatia mguu majini tumepima joto na pH, kwa kuwa matope yakitibuka vipimo havifai tena. Tumechagua vituo viwili vinavyoachana kwa mita 100 hivi: kimoja mahali maji yanapokimbia juu ya mawe, kingine kwenye kidimbwi kilichotulia. Havichanganywi katika vyombo, kwa sababu mwendo wa maji hubadilisha kuvu zinazopatikana. Mkondo wa kasi una oksijeni zaidi, nacho kidimbwi hukusanya matope.

Kazi kubwa ni kukataa. Kijiti kilichoanguka wiki iliyopita bado kina kuvu za nchi kavu zilizokuwemo kilipokuwa juu ya mti, na ukikiweka kwenye chombo zitachanua zote, nawe utaziandika kama za majini. Alama tunazozifuata ni hizi: kipande kiwe kimezama chote, wala kisiwe na ncha inayochungulia nje ya maji, ukikiachia majini kiende chini, gome liwe limetoka au litoke kwa kidole, ukikikwaruza kwa kisu, ganda laini litoke na chini yake uone mti wenye rangi tofauti. Kinachoelea, achana nacho. Kilichozikwa kwenye matope meusi yenye harufu ya mayai viza, achana nacho pia: harufu hiyo ni salfidi ya hidrojeni, ishara kwamba hapo oksijeni imekwisha.

Unene wa kufaa ni sentimita moja hadi tano. Vijiti vyembamba kuliko hapo huoza na kusambaratika kabla kuvu haijazaa, na magogo manene hayaingii kwenye chombo. Tunakata urefu wa sentimita 15, vipande 20 kila kituo. Aina ya mti huandikwa ikijulikana. Kando ya mto huu mikaratusi ni mingi, pamoja na miti ya asili, na mbao hizo hazifanani kwa ugumu wala kwa kemikali. Ikiwa mti haujulikani, andika tu "mti mgumu" au "mti laini" na uhifadhi kipande cha moyo wake kwa ajili ya mtaalamu wa mbao. Kukisia jina la mti ni kosa linaloendelea kuishi kwenye rekodi miaka na miaka.

Ndani ya chombo tumetandika gazeti lililoloweshwa na kukamuliwa. Maji yasibaki chini. Kipande kinachoogelea katika maji machache yenye joto hugeuka chakula cha bakteria kabla hujafika maabara ya Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na harufu itakuambia. Vyombo vikae kivulini, visiachwe kwenye gari lililofungwa.

Penye maporomoko kuna povu, na tumelichota kwa kijiko na kulitia kwenye chupa ndogo. Povu hunasa spora (chembe za uzazi za kuvu) za kundi jingine, lile lililojulikana sana baada ya C. T. Ingold kueleza mwaka 1942 spora alizozikuta kwenye majani ya mti wa alder yaliyozama katika kijito cha Uingereza. Nyingi zina mikono minne inayotoka kituo kimoja, nyingine zimejipinda mfano wa herufi S. Mikono minne hugusa jani kwa ncha tatu kwa pamoja na kushika, jambo gumu kwa spora ya mviringo ndani ya maji yanayokimbia. Matone machache ya formalini yazuie spora zisiote njiani. Lakini povu liwe na daftari lake. Linaonyesha kinachopita mtoni, hasa kutoka kwenye majani. Halikuambii nini kimekaa kwenye mti wako. Orodha nyingi huharibika hapo, mtu anapochanganya vyote viwili ili ionekane ndefu.

Jumatano: Ondiri hadi Chiromo

Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu. Maji hapa yamesimama na juu yake umetanda mkeka wa mimea unaoelea. Usiukanyage: tembea ukingoni, na fimbo itangulie mguu. Tumekuja kutafuta kuvu za hewa na maji, akina Helicodendron, Beverwykella na Candelabrum. Hizi hukua ndani ya mti au jani lililozama kwenye maji yaliyotulia, ila hazizai spora mpaka maji yapungue na hewa iguse uso. Spora yake imesokotwa au imefumwa ikaacha uwazi wa kunasa hewa, na maji yakirudi huelea na kusafiri. Ukichunguza kipande cha Ondiri siku hiyohiyo kikiwa kinadondosha maji, huzioni kabisa. Kiweke kwenye chombo chenye unyevu bila maji, nazo zitajitokeza.

Mchana tumeteremka hadi Chiromo, ambako mto huohuo sasa umepita katikati ya makazi. Vipande vingi vimevikwa utelezi wa kijivu unaofanana na pamba iliyolowa. Hiyo si kuvu. Ni bakteria wa maji machafu, Sphaerotilus akiwa maarufu wao, wanaostawi palipo na kinyesi na taka za chakula. Tumechukua vipande vichache tu, kwa kulinganisha. Maji haya yachukuliwe kuwa ya hatari wakati wote: glavu zisitoke, mtu mwenye kidonda asiingie, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa simu au chakula.

Alhamisi: kuosha na kulaza

Kila kipande kimepitishwa chini ya maji ya mfereji yanayotiririka polepole, kikisuguliwa kwa vidole tu. Brashi hung'oa ganda. Tunachoondoa ni matope, mwani, konokono na mabuu ya wadudu, kwa kuwa mabuu yakibaki yatakula uso wote kwa wiki moja. Baadaye kipande kimekung'utwa, kikaangaliwa haraka chini ya hadubini ndogo, kikalazwa juu ya tabaka tatu za tishu zilizoloweshwa kwa maji yaliyokenekwa. Asiye na mtambo wa kukeneka anunue maji ya betri kituo cha mafuta, akisoma chupa vizuri asije akachukua ile yenye asidi.

Unyevu ndio unaoshinda watu. Tishu iwe mbichi lakini ukiibonyeza kwa kidole maji yasijae. Matone yakitiririka kwenye mfuniko, chombo kimelowa kupita kiasi: fungua nusu saa. Tishu ikianza kujikunja pembeni, nyunyiza. Kwa kawaida mara moja kwa wiki inatosha. Joto liwe kati ya nyuzi 20 na 25, na hapa Julai huleta taabu yake, kwa sababu usiku wa Nairobi hushuka chini kabisa ya hapo. Vyombo viwe kwenye kabati la chumba cha ndani, mbali na dirisha na ukuta wa nje.

Adui wa kweli ni utitiri. Hawa ni wadogo kiasi cha kuonekana kama vumbi linalotembea, hula spora, na huzibeba kutoka chombo kimoja hadi kingine, hivyo spora za Chiromo zikaja kuonekana kwenye mti wa Karura. Tumeweka kila chombo juu ya sinia lenye maji ya sabuni. Chombo kikiingiwa, kitoke chumbani siku hiyohiyo hata kama ndani yake kuna kitu kizuri.

Ijumaa: chakula cha kuvu

Leo ni agari, ute unaoganda wa kuoteshea kuvu. Sahani za kuoteshea spora ni za agari ya maji: gramu 20 za agari kwa lita moja, na ikishapoa kufikia nyuzi 50 hivi huongezwa gramu 0.5 ya streptomaisini na gramu 0.5 ya penisilini G. Ukizitia dawa hizo agari ikiwa inachemka zitaharibika, na bakteria watajaa siku ya pili. Sahani za kukuzia ni za viazi na deksitrosi, gramu 39 za unga kwa lita.

Wanaotumia sufuria ya presha badala ya otoklevu, mtambo wa kuua vijidudu kwa mvuke, wakumbuke urefu wa jiji hili kutoka usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu, hewa ni nyepesi, na maji huchemka karibu na nyuzi 95. Geji ya sufuria husoma tofauti ya ndani na nje tu. Kwa hiyo inapoonyesha paundi 15, mvuke wa ndani uko karibu na nyuzi 118, haujafika 121 inayotajwa vitabuni. Dakika 15 hazitoshi, tunaweka 25. Na stima ikipotea katikati, anza kuhesabu upya kutoka mwanzo. Sahani zilizoiva nusu huonekana safi siku nne, halafu huota madoa, na kufikia hapo spora yako adimu iko ndani yake.

Wiki ya pili: kutazama kwa mara ya kwanza

Chini ya hadubini ndogo, ukuzaji mara 10 hadi 40, taa iwe ubavuni. Mwanga wa juu hufanya uso wote ung'ae na vidoa vyeusi vipotee. Wa ubavuni huvipa kivuli. Tunatafuta vitu viwili. Cha kwanza ni vitundu: vichupa vidogo vyeusi, vingi vya chini ya nusu milimita, vilivyozama nusu ndani ya mti, vingine shingo tu ikichungulia. Cha pili ni nywele: vijiti vya kahawia vilivyosimama, kila kimoja na spora kichwani au ubavuni.

Wiki hii nywele zimetangulia, kama kawaida. Vitundu huchelewa, na baadhi hungojewa miezi mitatu hadi sita, kwa hiyo chombo kisichoonyesha kitu leo hakitupwi. Penye ukungu wa kijani unaosambaa haraka ni Trichoderma au Penicillium. Tumeufuta kwa tishu yenye spiriti na kupunguza maji.

Sasa jambo ambalo kazi yote hii inaliegemea: kuvu ya majini itazamwe kwanza ikiwa hai, ndani ya tone la maji matupu. Mazoea ya maabara nyingi ni kuanza na rangi na asidi ya laktiki, kwa kuwa picha hutoka safi. Asidi huua seli, na seli ikifa alama nyingi za kuzipanga kuvu hizi hupotea, maana alama hizo ni mambo ambayo spora huyafanya ikikutana na maji.

Kipande kimoja cha Karura kimetupa mfano. Tumekata kilele cha kitundu kwa wembe mpya, tukachokoa kiini kwa ncha ya sindano, tukakitua kwenye tone la maji na kukifunika kwa kioo chembamba bila kubonyeza. Vifuko vimetokea, kila kimoja na spora nane zisizo na rangi, zenye ukuta mnene na kiambaza (ukuta wa kugawa spora) kimoja katikati. Mwanzoni kila ncha ya spora ilikuwa na kofia ndogo iliyolala ubavuni, ngumu kuiona. Dakika chache baadaye kofia ilianza kulegea na kutoa uzi mwembamba, ukaendelea kutoka kama uzi wa cherehani kwenye kibiringo hadi ukapita urefu wa spora yenyewe mara kadhaa. Uzi huo unanata; ndio unaoishikiza spora kwenye mti mto ukipita kasi. Nyuzi za namna hiyo, pamoja na kifuko chenye ncha nene iliyotobolewa, zinatupeleka kwenye familia ya Halosphaeriaceae, upande wa Aniptodera na jamaa zake. Tone la asidi lingetupa spora yenye kofia isiyoeleweka, na jina lisilo sahihi.

Wiki ya tatu na ya nne: kupanga

Njia panda ya kwanza ni ukuta wa kifuko. Ongeza tone la maji pembeni ya kioo na usubiri. Kifuko cha kuta mbili kitapasuka tabaka la nje, na la ndani litachomoka na kurefuka kwa ghafla, hata mara mbili ya urefu wa awali. Hao ni wa kundi la Dothideomycetes. Kifuko cha ukuta mmoja hakifanyi hivyo. Hutoa spora kwa tundu au pete iliyo kileleni, na wengi wa namna hiyo majini ni wa kundi la Sordariomycetes. Ikiwa badala ya kitundu una kisahani kilicho wazi juu, huenda uko kwenye kundi la Leotiomycetes.

Ukiwa kwa Sordariomycetes, chunguza pete. Annulatascus, jenasi iliyoelezwa na Kevin Hyde mwaka 1992, ina pete kubwa kiasi kwamba hakuna haja ya lenzi ya mafuta kuiona. Pitisha tone la iodini ya Melzer, dawa ya kupima kwa rangi, chini ya kioo: pete ikigeuka buluu ni jibu moja, isipogeuka ni jingine, na ya Annulatascus haigeuki. Hilo lifanywe mwisho, kwa sababu Melzer huua kila kitu. Savoryella nayo hujitambulisha kwa spora: seli za katikati ni za kahawia, za ncha mbili hazina rangi.

Upande wa Dothideomycetes, Jahnula ndiyo rahisi kuifahamu. Vitundu vyake mara nyingi vinabebwa na nyuzi za kahawia pana kupita kawaida, zaidi ya mikromita 10, wakati nyuzi za kuvu nyingi ni mikromita mbili hadi tano. Ukiona nyuzi pana zikitambaa juu ya mti chini ya hadubini ndogo, usikwarue. Kata kipande kizima cha mti ili uhifadhi kitundu na shina lake pamoja. Halafu ala ya spora: utando wa ute unaoizunguka hauonekani majini kwa urahisi. Weka wino mweusi wa kuchorea pembeni ya tone. Chembe za wino zitaizunguka ala bila kuingia, nayo itaonekana kama ukanda mweupe. Pima upana wake hapohapo, kwa sababu ala huendelea kuvimba.

Kuvu za nywele zina maswali yake, na la kwanza ni spora imezaliwaje. Je, ncha ya kijiti imevimba ikawa spora, au spora imesukumwa kutoka ndani ya mdomo wa chupa? Kijiti kinaendelea kukua kupitia kovu lililoachwa, au kinapinda na kuzaa pembeni? Umbo la spora lije baada ya hayo. Dictyosporium ni safu za seli zilizopangwa kama vidole vilivyobanana. Canalisporium ni bapa, ya tabaka moja la seli, yenye viambaza vinene vilivyotobolewa na vijifereji. Zilizosokotwa zina taabu zaidi: Helicosporium ina uzi mwembamba ambao hujikunjua ukilowa, Helicoma ina uzi mnene usiojikunjua. Hapa tena, bila maji matupu huwezi kuzitofautisha. Familia yao, Tubeufiaceae, ilipangwa upya mwaka 2018 kwa msaada wa DNA, kwa hiyo funguo za zamani zitumike kwa tahadhari.

Vipimo: spora 30 na vifuko 10 kwa uchache, kutoka vitundu zaidi ya kimoja, na mizani ya lenzi iwe imelinganishwa na slaidi ya kupimia kwa kila ukuzaji. Spora changa ni fupi na hazina rangi. Anayepima changa hupata "spishi mpya" kila wiki. Baada ya picha zote, maji hubadilishwa polepole kwa mchanganyiko wa asidi ya laktiki na gliserini, kingo hufungwa kwa rangi ya kucha mara mbili, na slaidi hiyo ndiyo ushahidi.

Kuotesha spora moja

Kiini cha kitundu huvurugwa katika matone machache ya maji safi, yakavutwa kwa pipeti na kudondoshwa juu ya agari ya maji. Baada ya saa 12 hadi 24 geuza sahani juu chini ya hadubini na uweke alama ya kalamu penye spora iliyoota, peke yake. Kijipande cha agari cha milimita moja chenye spora hiyo huhamishiwa kwenye sahani ya viazi. Spora zisipoota, mara nyingi kitundu kilikuwa kichanga. Jaribu kingine chenye spora zinazotoka zenyewe shingoni.

Kuvu hizi hukua polepole, nyingi sentimita moja au mbili kwa mwezi. Kinachojaza sahani kwa wiki moja si chako, hata kama kimetokea penye alama.

Mwezi wa tatu: DNA na jina

Kwa kukwangua miligramu 50 hadi 100 za utando wa kuvu iliyoota, DNA hutolewa na eneo lake liitwalo ITS kunakiliwa kwa praima (vijipande vya DNA vya kuanzishia unakili) ITS5 na ITS4, eneo liitwalo LSU kwa LR0R na LR5. Mchanganyiko wa mikrolita 25 unatosha. Mzunguko wetu: nyuzi 94 kwa dakika tatu, mara 35 za nyuzi 94 sekunde 30, nyuzi 55 sekunde 50, nyuzi 72 dakika moja, mwisho nyuzi 72 dakika 10. Isiponakili, punguza DNA mara kumi kabla ya kubadilisha chochote, kwa kuwa kuvu nyeusi hutoa melanini inayozuia kimeng'enya.

ITS ilikubaliwa mwaka 2012 kuwa msimbo rasmi wa kutambua kuvu, lakini kwa kuvu za miti iliyozama haitoshi. Spishi nyingi zilielezwa kwa umbo tu na hazina DNA yoyote kwenye hifadhi, hivyo utafutaji hurudisha jamaa wa karibu kuliko wengine, hata kama ukaribu wenyewe ni wa mbali. Tumia LSU kupata familia kwanza, chora mti wa ukoo, kisha urudi kwenye umbo. Asilimia ya mfanano peke yake isiandikwe kama jina.

Kongamano la mimea la Melbourne la 2011 lilifuta desturi ya kuipa kuvu moja majina mawili, moja la hatua ya vitundu na jingine la hatua ya nywele. Tangu 2013 jina jipya halikubaliki bila namba ya usajili kutoka hazina kama MycoBank au Index Fungorum. Kabla ya kufika huko, mti wenyewe ukaushwe polepole kwa hewa, utiwe kwenye bahasha ya karatasi pamoja na slaidi na kijipande kilichokaushwa cha sahani, na upelekwe Hebaria ya Afrika Mashariki katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, inayotambulika kimataifa kwa herufi EA. Kuvu hai iliyooteshwa ibaki kwenye friji kwa nyuzi nne, vijipande vya agari ndani ya chupa ndogo za maji safi.

Kwenye orodha yetu kumebaki nywele ndefu za kahawia kutoka kidimbwi cha Karura, zenye spora ndefu za viambaza vingi. Zamani zingeingia Sporidesmium bila swali. Sasa jenasi hiyo imegawanyika katika familia zisizohusiana, na baadhi ya spishi zake zilihamishiwa Distoseptispora, jenasi iliyoundwa mwaka 2016. Kinachotenganisha ni namna kuta za ndani zilivyoundwa na mfuatano wa LSU, na utando wetu bado ni mdogo kukwangua. Umeandikwa "mfano wa Sporidesmium", namba ya kipande na kituo pembeni, na sahani imerudi kabatini.